Mbiu Isiyolia

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Mbeya, siku ya maadhimisho, mbele ya waumini, majirani na wageni waliotoka Iringa



Kamati ya maadhimisho ilitukabidhi sisi wa kikundi cha masomo jukumu la kuzungumza juu ya jambo lenye manufaa kwa kila aliyemo humu, awe Mhindu, Mkristo au Mwislamu. Tulipokaa kutafakari, tuliona kwamba vikao vyetu vingi vya mwaka uliopita vilianza kwa maneno yaleyale: dunia imeharibika. Hutamkwa wakati chai inamiminwa, na hakuna anayeyapinga, kwa sababu kila mmoja ana ushahidi mfukoni mwake, ndani ya simu. Leo tumeona tuyapime maneno hayo. Hatukuja kuwaambia kwamba dunia ni njema. Tumekuja kuuliza tunajuaje kwamba ni mbaya kuliko jana.

Wageni wetu wa Iringa, mlipokuwa mnakuja mlipita Changarawe, karibu na Mafinga. Ni vigumu kupita pale bila kukumbuka tarehe 11 Machi 2015, basi la abiria lilipogongana na lori lililobeba kontena na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Sisi wa Mbeya tuna mteremko wa Iwambi na Mbalizi, ambako mwezi Julai 2018 ajali moja iliua watu 20. Tunawakumbuka marehemu hao kwa heshima. Lakini angalieni kinachotokea vichwani mwetu. Mtu akiulizwa ghafla ni nini kinachoua watu katika nyanda hizi za juu, jibu la kwanza kumjia ni basi. Akili haihesabu, inapekua haraka na kuchukua kilicho juu ya rundo, na kilicho juu ni kile kilicholia kwa kishindo.

Jambo hili lilichunguzwa na wanasaikolojia wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, katika makala waliyoichapisha mwaka 1973. Walionyesha kwamba binadamu hukadiria wingi wa jambo kwa wepesi wa kulikumbuka. Mfano ukija upesi, huamua kwamba jambo hilo ni la kawaida. Ukichelewa kuja, huamua kwamba ni la nadra. Mara nyingi kanuni hiyo hutufaa, maana kinachokumbukwa upesi mara nyingi ndicho kinachotokea mara nyingi. Hutupotosha pale mtu mwingine anapotuchagulia cha kukumbuka.

Sasa tufanye hesabu, na mwenye kalamu na aandike. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Watoto wanaozaliwa Tanzania kwa mwaka ni zaidi ya milioni mbili. Hiyo ina maana kwamba kila siku vichanga zaidi ya 100 hufariki, idadi inayopita maradufu ya msiba wa Changarawe, na jua likichomoza kesho hesabu inaanza upya. Hufariki mmoja mmoja, katika nyumba na wodi mbalimbali. Ndugu wachache hukusanyika, kaburi dogo huchimbwa, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haiwataji.

Hilo ni baya lisilosikika. Lakini hesabu ileile ina upande wa pili. Utafiti kama huo wa mwaka 2004-05 ulikuta kwamba watoto 112 kati ya kila 1,000 walikuwa wakifariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 81. Mwaka 2015-16 walikuwa 67. Mwaka 2022 walikuwa 43. Kutoka 112 hadi 43 ni pungufu ya 69. Zidisheni 69 kwa uzazi wa watoto milioni mbili, kila 69 kwa elfu yake: mtapata watoto 138,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 370 kwa siku. Hao ni watoto ambao, kama hali ingebaki ilivyokuwa mwaka 2004, wangezikwa leo. Hawakuzikwa. Wako shuleni, wengine wako nje hapa wakikimbizana kuzunguka viatu vyetu, na hakuna mwandishi aliyeitwa kuandika kwamba hawakufa.

Tukirudi nyuma zaidi, katika miaka ya kuukaribia uhuru, takribani mtoto mmoja kati ya wanne nchini hakufikisha miaka mitano. Msituamini sisi kwa hilo. Mwulizeni bibi yenu, awe Msafwa, Mnyakyusa, Mhehe au Mgujarati, alizaa watoto wangapi na alizika wangapi. Kisha mwulizeni mjukuu wake swali hilohilo. Swali la namna hii huulizwa kwa adabu na kwa sauti ya chini, lakini liulizeni, kwa sababu ndani ya nyumba zetu kuna takwimu ambazo hazijawahi kuchapishwa.

Kwa nini basi haya hayasikiki? Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ni kweli. Ila hawakusema kwamba isipolia hakuna jambo. Hilo tumeliongeza sisi wenyewe.

Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichunguza jinsi magazeti manne ya nchi yao yalivyoandika kuhusu migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Moja ya mambo waliyoyaeleza ni kwamba gazeti la kila siku hunasa kile kinachoanza na kuisha ndani ya siku moja. Uuaji hutosha ndani ya siku. Ajali hutosha ndani ya dakika. Lakini kupungua kwa vifo vya watoto kwa miaka 18 hakuna siku yake. Ni siku gani mhariri angeandika kichwa cha habari kwamba leo chandarua kimefanya kazi? Hatuwalaumu waandishi wa habari kwa hilo, na hatupendi tabia ya kuwaita waongo. Wengi wao husema kweli. Tatizo ni kwamba kweli mia moja zilizochaguliwa kwa kipimo kimoja, kipimo cha kishindo, hujenga picha ambayo si ya kweli.

Wale wenye umri wanakumbuka enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambapo nchi nzima ilikuwa na sauti moja. Matangazo ya vifo yalisomwa kwa saa yake, watu wakanyamaza, kisha redio ikaendelea na mambo ya kilimo. Enzi ile nayo ilikuwa na upungufu wake: sauti moja husema ile inayoipenda, na mabaya mengi hayakutamkwa kabisa. Mwaka 1994 redio na televisheni za watu binafsi zilianza Tanzania Bara, na mlango ukafunguka. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 laini za simu nchini zilikuwa takribani milioni 60. Leo matangazo ya vifo hayana saa. Mkazi wa Soweto hapa Mbeya huamka akakuta mauaji ya mji ambao hata hajui uko bara gani, na mwili wake hauna namna ya kuuambia moyo kwamba jambo hilo liko mbali.

Tena, habari isiyo ya kweli ina miguu myepesi zaidi. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Soroush Vosoughi na wenzake wawili, waliofuatilia habari zilizosambazwa katika mtandao wa Twitter kuanzia mwaka 2006 hadi 2017. Habari za uongo zilifika mbali na kwa kasi kuliko za kweli. Habari ya kweli ilihitaji takribani mara sita ya muda ili kuwafikia watu 1,500. Na waliozisambaza hasa hawakuwa mashine, bali watu kama sisi.

Hapa kuna methali inayotuponza: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, lakini imegeuzwa kuwa kibali cha kusambaza lolote. Chukueni habari ya mumiani. Neno hilo lilivuka bahari kutoka Uajemi na Bara Hindi, na huko lilikuwa jina la dawa; babu zetu Wagujarati walilijua kabla ya kupanda jahazi. Lilipofika pwani hii likageuka jina la mnyonya damu. Enzi za ukoloni uvumi ulienea kutoka Nairobi na Kampala hadi Tanganyika na Kongo kwamba wazimamoto, au wauguzi, au wapimaji ardhi hukamata watu na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000, na alionyesha kwamba watu hawakuwa wajinga: walikuwa wakisema kwa lugha ya damu yale waliyoyaona ya kazi za kulazimishwa na dawa wasizoelezwa. Tunamwelewa. Lakini uvumi hauendi na maelezo yake. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Kelele zikapigwa kwamba ni wanyonya damu. Wote watatu waliuawa. Walikwenda kuupima udongo ili mkulima avune zaidi.

Wengi wenu mna ndugu Leicester, Uingereza, mji ambao uliwapokea maelfu ya watu wetu kutoka Afrika Mashariki. Mwezi Septemba 2022 palikuwa na vurugu huko kati ya vijana wa Kihindu na wa Kiislamu, na miongoni mwa kuni zilizouchochea moto huo ulikuwa uvumi wa mtandaoni kwamba kulikuwa na jaribio la kumteka msichana. Polisi walichunguza wakasema halikutokea. Uvumi huo ulifika hadi hapa Mbeya ndani ya saa chache. Ukanusho wa polisi, kwa wengi wetu, haujafika hadi leo. Jirani zetu Waislamu wamo humu ukumbini na wametuletea maua. Tunalisema jambo hili mbele yao kwa sababu hofu iliyoagizwa kutoka ng'ambo haina kazi katika mtaa ambao watu wake wanakopeshana sukari.

Hata hivyo, hatutaki vijana wadhani kwamba hofu yote ni ugonjwa wa akili. Wazee wetu waliishi mwaka 1971, majengo yalipotaifishwa kwa sheria, na mwaka uliofuata wakasikia Idi Amin akiwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Hayo hayakuwa uvumi. Aliyeona mambo hayo akiwa na miaka 20 ana haki ya kulala na jicho moja wazi. Tunachosema ni kwamba jicho hilo lililo wazi liangalie pia miaka zaidi ya 50 iliyofuata, ambayo haikuwa na tarehe ya kukumbukwa kwa sababu tulikuwa tunafungua maduka asubuhi na kuyafunga jioni.

Turudi nyumbani, kwenye takwimu moja inayowatisha watu wa mikoa yetu kila inapotangazwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-23 ulikuta watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini ni asilimia 4.4. Iringa ni asilimia 11.1, na Mbeya 9.6. Utafiti wa mwaka 2016-17 ulikuwa umekuta 11.3 na 9.3. Msomaji wa haraka husema: kazi yote ile, na hakuna kilichobadilika. Lakini fikirini pipa la maji lenye bomba linaloingiza na tundu linalovujisha. Zamani tundu lilikuwa kubwa. Watu walikufa, na walipokufa walitoka kwenye hesabu. Kuanzia mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa, na tundu likazibwa kwa sehemu kubwa. Maji yakibaki usawa uleule, huenda bomba nalo limepungua. Na kweli, kitaifa maambukizi mapya kwa watu wazima yalikadiriwa kuwa takribani 81,000 kwa mwaka katika utafiti wa kwanza, na takribani 60,000 katika ule wa pili. Waliofubaza virusi walikuwa kama nusu ya wote wanaoishi navyo. Sasa ni zaidi ya robo tatu. Ile asilimia 11.1 ya Iringa, inayotangazwa kama aibu ya mkoa, ndani yake wamo akina mama waliotazamiwa kufa na ambao jana walikuwa shambani. Maambukizi mapya bado ni mengi mno, na hatusemi vinginevyo. Ila namba ileile moja imebeba msiba na uhai kwa pamoja, na tangazo hutoa msiba tu.

Mfano mwingine tutaupitia upesi. Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa Lilongwe amepatwa na polio. Kutoka hapa hadi mpaka wa Kasumulu si mbali. Machi mwaka huohuo wahudumu wa chanjo walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, wakiwadondoshea watoto matone mdomoni na kuwapaka wino kidoleni. Msumbiji kulikuwa na watoto waliopooza. Kwetu virusi hivyo vya Malawi havikumpoozesha mtoto hata mmoja. Nani kati yetu aliwahi kuulizia jina la mhudumu yule aliyebisha hodi?

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma hasa kusimama hapa. Kuna wanaosema kwamba kuhesabu mema ni kuwapumbaza watu walale. Sisi tunaona hasara kubwa ya kelele iko kwingine: kelele hutumaliza hofu yetu kwa mambo ya mbali, kisha baya lililo mezani kwetu likapita kimya. Utafiti uleule wa mwaka 2022 ulipima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Kitaifa, asilimia 30 wamedumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa takribani nusu, kwa hiyo nchi imesogea. Lakini Iringa ni asilimia 56.9, ya juu kuliko mikoa yote, na Njombe inafuata kwa 50.4. Mbeya ni afadhali, na bado ni takribani mtoto mmoja kati ya watatu. Hii ndiyo mikoa inayoitwa ghala la taifa. Mahindi yanatoka hapa kwa malori, viazi kwa magunia, maziwa na parachichi vipo, na mtoto wa aliyevilima ni mfupi kuliko anavyopaswa kuwa.

Udumavu hauna dakika ya kutokea. Hakuna kelele wala picha ya kutuma. Hujengeka katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili: uji wa mahindi matupu asubuhi, ugali na mboga kidogo jioni, mama akiwa shambani tangu alfajiri na mtoto akiachwa na dada yake mwenye miaka minane, kuhara kwa mara kwa mara, maharage na mayai yakipelekwa sokoni. Na mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Akisimama kati ya wenzake waliodumaa kama yeye, wote huonekana sawa, na mzazi husema ndivyo tulivyo kwa ukoo. Kichwa kinachopekua mifano ya hatari hakimpati, kwa sababu hajawahi kulia kwa kishindo.

Katika kundi la simu la hekalu tumekubaliana na wasimamizi utaratibu mdogo. Anayeleta habari ya kutisha aiambatanishe na majibu ya maswali mawili: ni wangapi kati ya wangapi, na miaka kumi iliyopita ilikuwaje. Asiyekuwa na majibu asubiri hadi ayapate. Tangu utaratibu huo uanze kundi limekuwa kimya kidogo, na baadhi ya wajumbe wamelalamika kwamba halina tena ladha.

La pili linahusu jiko. Kila Jumapili baada ya ibada jiko la hekalu hupika wali, dengu au choroko, mboga za majani na mtindi, na majirani wa dini zote hula pamoja nasi. Kamati imekubali kwamba kuanzia Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, pawepo meza ya watoto walio chini ya miaka miwili na mama zao, na muuguzi atakuwepo kuonyesha namna ya kuponda dengu na kunde kwa ajili ya uji. Wenzetu wa Iringa wamesema wataanza kwao mwezi ujao. Ubao wa kupimia urefu umekwisha kuchongwa, nao uko upande wa kushoto wa mlango mkubwa, hapo mnapovua viatu. Tafadhali leteni kadi za kliniki, na mwambieni jirani ambaye leo hakuweza kufika.